Msituchoree Mchikichi Mtupu

Reli inakuja Burundi. Redio imelisema mara nyingi mpaka watoto wa shule hapa Nyarugusu wanalijua kwa kichwa: Januari 2025 mkataba ulitiwa saini na kampuni za Kichina wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza mpaka Musongati, kilomita 282, kwa dola zaidi ya bilioni 2. Nchi yangu haijawahi kuwa na reli. Wajerumani walipita, Wabelgiji wakapita, uhuru ukaja 1962, na mpaka leo Mrundi akitaka kuona treni lazima avuke mpaka. Kwa hiyo stesheni ya Musongati itakuwa kitu ambacho babu zetu hawakukiona nyumbani. Na kwa mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025, Musongati na Rumonge kwetu sasa vimo katika mkoa mmoja, Burunga.

Najua mtakavyosema. Reli inafuata nikeli, haishuki ziwani. Rumonge itabaki na barabara yake na bandari yake. Kweli kabisa. Lakini stesheni ina kuta, na kuta zikishasimama hutafutwa mtu wa kuzipamba, na mtu huyo ataambiwa apambe kwa "urithi wa viwanda na kazi wa eneo hili", maneno mazuri ya kwenye makaratasi. Sasa nikeli utaichoraje? Ni udongo mwekundu tu, huwezi kuitofautisha na uwanja wa mpira. Mpambaji atainua macho autazame mkoa mzima, ataona ziwa, ataona milima, ataona michikichi ya Rumonge ilivyojipanga kando ya barabara ya kwenda Nyanza-Lac, na atapiga makofi: hapa hapa! Nawajua watu wa kupamba majengo. Watachora mchikichi.

Naandika kabla rangi haijanunuliwa. Ninyi wenzangu wa kambini, na ninyi wa mashirika mnaosoma kijarida hiki mkisubiri gari la kurudi Kasulu, nisikilizeni wote, maana jambo hili linatuhusu sote. Wengine tutarudi, kwa kupenda au kwa kusukumwa, na katika mambo ya kwanza tutakayoyaona nyumbani huenda ukawemo ukuta huo.

Tuanze na majirani, tuone wao wamefanyaje. Kenya walifungua reli yao ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na kila stesheni ikapewa sura yake. Mombasa wameweka mawimbi ya bahari. Miasenyi wameweka milia ya punda milia. Mariakani wameweka minazi. Tanzania nao, kwenye treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria 2024, stesheni kuu ya Dar es Salaam imejengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite. Nimeziona zote kwenye simu ya jirani, na sikatai, zinapendeza. Vioo vinang'aa, usiku zinawaka taa kama meli.

Lakini hebu hesabuni watu. Katika mawimbi, milia, minazi na jiwe, mtu yuko wapi? Tanzanite haitoki Dar es Salaam, inatoka Mererani, na inatolewa na vijana wanaoitwa nyoka kwa sababu wanatambaa kwenye mashimo ambayo mtu mzima hapiti. Mwaka 1998 mvua kubwa ilijaza mashimo yale maji na wachimbaji wengi wakafia humo. Mwaka 2008 ikatokea tena. Umbo la jiwe limepanda juu ya paa la stesheni, nyoka wamebaki chini. Na mnazi wa Mariakani? Muulizeni mtu yeyote wa pwani ya Kenya habari ya maskwota, akueleze watu waliopanda minazi, wakaipanda na kuiangua vizazi na vizazi, huku hati ya ardhi iko kwa mtu ambaye hawajawahi kumwona. Mnazi wa saruji hauna ugomvi huo. Ndiyo maana wakubwa wanaupenda.

Sisemi mchoraji alikuwa na nia mbaya. Nadhani aliambiwa atafute kitu ambacho hakuna atakayekilalamikia, akakitafuta, akakipata. Mawimbi hayana mrithi anayedai.

Karibu zaidi na sisi kuna Kigoma. Wengi wetu wa mwaka 2015 tulipita pale. Mnakumbuka: Kagunga, ule ufukwe mwembamba kati ya mlima na ziwa, maelfu ya watu, kipindupindu, kisha mitumbwi ikitupeleka majini kupanda Liemba, na Liemba ikitushusha Kigoma. Kutoka bandarini hatukupewa muda wa kutalii, tulipelekwa uwanja wa mpira kisha mabasi. Ila aliyetazama dirishani aliiona stesheni ya Wajerumani, jengo jeupe kubwa lenye matao, mwisho wa reli ya kati. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914.

Watalii wanakuja kulipiga picha jengo hilo, na wanaipiga picha Liemba. Hadithi ya meli hii wanaijua kuliko sisi tuliotapika juu yake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen, ikavunjwavunjwa na kufungwa katika masanduku 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka ziwani, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Haya. Sasa muulize mtalii huyo: nani aliiunganisha? Atakutajia Rüter, Wendt na Tellmann, mafundi watatu waliotumwa kutoka Papenburg. Kuna hata riwaya imeandikwa juu yao. Uliza waliobaki, wale mamia ya Waafrika waliobeba vyuma na kupiga ribiti juani, na mafundi wa Kihindi waliokuwa nao. Hapo atakuangalia. Majina matatu kwa meli ya mita zaidi ya 70! Hata kambini hapa, choo cha matundu manne kikijengwa, karatasi ya majina ya vibarua ni ndefu kuliko hiyo.

Na Uvinza je, reli ya kwetu itakapoanzia? Kwenye chemchemi za Uvinza watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Kiangazi walikuja kutoka kila upande, wakapiga kambi, wakachemsha maji ya chumvi kwenye vyungu, na chumvi hiyo ikazunguka ziwa zima. Kama kuna stesheni duniani yenye haki ya kujivunia kazi ya mikono, ni hiyo. Nitangoja nione watachora nini. Naogopa watachora twiga.

Sasa turudi Rumonge, maana huko ndiko nilikozaliwa na huko ndiko ninakokujua.

Mgeni akifika Rumonge anaona miti. Sisi tunaona kazi. Mchikichi haukupi kitu kwa kuutazama. Mtu anaupanda na kamba kiunoni na panga begani, anakata mkungu wenye miiba ambao unaweza kumfikia uzito wa mtoto wa darasa la pili, mkungu unaanguka, kule chini kuna mwanamke au mtoto anaokota punje zilizoruka majanini. Ngazi, ndugu zetu Wakongo wa kambi hii wanaziita hivyo. Mikungu inakaa siku kadhaa ili punje ziachie. Zinachambuliwa, vidole vinatoka damu, watoto wa Rumonge mnawajua kwa vidole. Kisha pipa, moto, maji, zinachemka saa na saa. Kisha zinapelekwa kwenye rafarafa.

Rafarafa ndiyo mashine yetu ya kukamulia. Wageni wa mashirika mtasamehe, sina picha. Ni pipa la chuma lenye mhimili katikati na mti mrefu uliopachikwa juu. Ile niliyoikuta mimi utotoni ilisukumwa na watu wanne, wanazunguka, wanazunguka, miguu imechora duara kwenye udongo kama njia ya ng'ombe. Siku hizi nyingi zina injini, na moshi wake. Mafuta yanatoka mekundu, mazito, yamechanganyika na maji na matope ya punje. Yanachemshwa tena, mwanamke anaengua mafuta yanayoelea kwa kibuyu, taratibu, anajua kwa harufu yalipofika. Hayo ndiyo mawese, amamesa. Makapi yanakuwa kuni za kesho. Kokwa zinavunjwa, zinatoa mafuta mengine ya kutengenezea sabuni. Hakuna kinachotupwa. Mji mzima unanuka mafuta ya moto, na mtu wa Rumonge akiisikia harufu ile hata akiwa Kigoma sokoni anasimama.

Hicho ndicho kiwanda. Kulikuwa na kiwanda cha serikali pia, na shirika la serikali la eneo, SRD Rumonge, lililopanda michikichi ya kisasa kwa mamia ya hekta miaka ya 1970 na 1980. Lakini uliza mawese ya sokoni yametoka wapi. Mengi yametoka kwenye haya mapipa ya mafundi wa kuchomelea wa mjini, mashine ambayo hakuna chuo kilichoibuni.

Uvuvi nisiutaje? Nautaja haraka: mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, taa, usiku usio na mwezi, ndagala wanapanda kufuata mwanga, alfajiri wanawake wanawaanika mchangani. Mwenye kuujua zaidi auandike, nafasi ipo kwenye toleo lijalo.

Nirudi kwenye ile michikichi ya kisasa. Ilipandwa wapi? Hapa ndipo ugomvi wangu na mpambaji unapoanza hasa. Tarehe 29 Aprili 1972 vita vilianzia kwetu kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata yalikwenda nchi nzima kwa miezi. Watu zaidi ya laki moja walikimbilia nje, wengi wao Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba, Mishamo. Mashamba yao ya kando ya ziwa hayakukaa mapori. Mengine serikali iliwagawia watu kutoka sehemu nyingine, mengine yakaingizwa kwenye mpango wa michikichi. Safu zile zilizonyooka ambazo mtalii anazisifu, zilinyooka kwa sababu mipaka ya zamani ilifutwa kwanza. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 1986: aliyekalia ardhi miaka 30 inakuwa yake, na miaka 15 ikiwa aliingia kwa nia njema. Pigeni hesabu wenyewe, 1972 jumlisha 30. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulisema kila mkimbizi arudishiwe mali yake au afidiwe. Walioanza kurudi kwa wingi 2002 walikuta sheria inasema moja na mkataba unasema jingine.

Nami siko nje ya habari hii. Shamba tulilokulia mimi na ndugu zangu lilikuwa na mwenyewe kabla yetu. Baba alipewa akiwa kijana, akaambiwa ni la serikali, akalipanda, akalipalilia zaidi ya miaka 30, akawa mmoja wa wale wanne wa kusukuma rafarafa msimu wa mavuno. Mwaka 2008 akaja mzee kutoka Mishamo na karatasi na mashahidi. Mpaka ukapitishwa katikati ya safu za michikichi. Baba alikufa na nusu yake. Tume ya ardhi ya taifa, iliyoundwa 2006, ilianza kwa njia hiyo ya nusu kwa nusu, na kuanzia 2011 ikageuka kumpa wa kwanza chote, na kila mgeuko ulileta machozi ya upande wake. Mzee yule wa Mishamo alikimbia tena 2015. Yuko hapa Nyarugusu, kanda moja na mimi. Ni mtu wa miaka themanini na kitu. Tunasalimiana.

Sasa niambieni. Ukimchorea mzee huyu mchikichi mtupu, mzuri, kijani, na jua likizama nyuma yake ziwani, umemwambia nini? Umemwambia mti ulijiotea. Na marehemu baba yangu aliyeusukuma ule mti wa rafarafa mpaka bega likainama, umemwambia nini? Kwamba mafuta yalijichuruzika. Picha moja inawafuta wote wawili, yule aliyeporwa na yule aliyefanya kazi, na inambakiza mti, yaani mali, peke yake, kana kwamba haina deni na mtu. Halafu mtoto wangu aliyezaliwa hapa, ambaye hajawahi kuiona Rumonge, atashuka stesheni na kuambiwa: hii ndiyo asili yenu. Ataamini. Kwa nini asiamini, ukuta ni wa serikali.

Haya si mambo ya kufikirika. Hapa kambini mwaka fulani shirika moja, silitaji, lilituletea rangi na kutaka tupambe ukuta wa jengo la mikutano, mada "Urithi Wetu". Tulikuwa sita. Tulichora rafarafa na watu wanne wakizunguka, chini yake tukaandika majina ya kolini sita za kwetu. Afisa akaja, kijana mpole, akasema kazi nzuri sana, ila majina ya kolini yanaweza kuleta mjadala, na hawa watu wanne wanaonekana wamechoka, je, hatuwezi kuwafanya watabasamu? Juma lililofuata ukuta ulipakwa upya. Sasa una mchikichi, jua, na watoto watatu wameshikana mikono. Kila mgeni akija anapigwa picha hapo. Nyote mnaujua ukuta huo.

Afisa yule ana hoja, na nitaijibu kwa heshima, maana hata ndugu zangu wengi wanayo. Wanasema: uponyaji kwanza. Tukianza kuandika 1972 kwenye kuta, tutaamsha yaliyolala, na waliokufa Burundi tangu wakati ule wanatosha. Mimi nasema yaliyolala wapi? Kila siku mahakamani na kwa wazee wa kolini kuna kesi ya shamba la mchikichi. Kesi haikulala, imelala picha tu. Watu wa Rumonge hawagombani kwa sababu wanakumbuka sana. Wanagombana kwa sababu kila upande unakumbuka nusu yake na unaona ya mwenzake ni uongo. Ukuta wa stesheni unaoonyesha mtu akifukuzwa na mtu mwingine akipanda, mchoro mmoja, urefu uleule, rangi zilezile, haumwiti yeyote mwizi. Unasema wote walikuwepo. Mimi mtoto wa aliyepanda naweza kusimama mbele yake. Mzee wa Mishamo naye anaweza.

Hoja ya pili ni ya tumbo. Kuna mama mmoja jirani, nilipomweleza naandika nini, alisema: "Baba, mgao umepungua, wewe unalilia rangi?" Nilicheka, na bado nadhani ana haki ya kukasirika. Lakini pesa za kupamba stesheni hazitoki kwenye mahindi yetu na hazitarudi kwenye mahindi yetu. Zimo tayari ndani ya mabilioni ya jengo. Zitatumika tu, na kuna kampuni itakayolipwa kuleta mchikichi wa plastiki au vigae vilivyochorwa mbali na kompyuta. Swali ni nani alipwe na nini kichorwe. Tena, mama, kuna mahindi na kuna shamba la kuyapanda. Huko kwetu shamba unalidai kwa mashahidi, na mashahidi wanakufa kila mwezi, tunawazika hapa. Ukuta hauwezi kuapa mahakamani, najua. Lakini mtoto aliyezoea kuona ukutani kwamba mashamba yale yalikuwa na watu atauliza walikuwa nani, na hakimu naye hupanda treni.

Kuna watakaosema jambo kama hili halifanyiki, kwamba stesheni ni mahali pa kupita, si pa kukumbuka. Limefanyika. Mdogo wangu wa kike alihamishiwa Uswidi, anakaa karibu na Stockholm, na aliponisikia nikilalamika kwenye simu alinitumia picha za treni zao za chini ya ardhi. Kuna stesheni inaitwa Solna centrum, ya mwaka 1975: mbingu nyekundu kama damu, chini yake msitu wa kijani unaokwenda karibu kilomita nzima. Unapendeza, ndiyo, lakini wachoraji waliweka humo ugomvi wa siku zao, watu kuhama vijijini na misitu kuharibiwa. Na katika stesheni yao kuu, T-Centralen, mwaka huohuo mchoraji Per Olof Ultvedt alichora juu ya dari vivuli vya watu: wachomeleaji, maseremala, wachimbaji, wale waliolijenga shimo lile lenyewe. Wamebeba zana zao. Abiria anapita chini yao akienda kazini. Mdogo wangu, ambaye sasa anasafisha ofisi usiku, anasema asubuhi akiwa amechoka anawatazama hao. Uswidi haikuanguka kwa sababu ya michoro hiyo.

Kwa hiyo nataka nini? Mchikichi uchorwe. Siukatai, mimi ni mtoto wa mafuta. Lakini uchorwe ukiwa na mtu juu yake na kamba kiunoni. Chini yake iwepo rafarafa, ya chuma kweli kweli, mafundi wa kuchomelea wa Rumonge wapo na wanaijua kuliko mchonga sanamu yeyote; iwekwe katikati ya ukumbi watu waishike, mti wake uzunguke, watoto wausukume. Sakafuni libaki lile duara la nyayo. Mwaka 1972 uandikwe kwa tarakimu, na majina ya kolini zote za tarafa yaandikwe bila kuchagua, ili asiwepo wa kusema yangu imeachwa. Wanaolipwa kuifanya wawemo waliobaki na waliorudi, na kama mkandarasi anaona shida kuwapata, aje Nyarugusu, aje Nduta, atapata wachoraji wa mabango, mafundi cherehani, wahunzi, watu waliokaa miaka kumi bila ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi na mikono inawawasha.

Ninyi wa mashirika, mna mikutano na watu wa wizara ambao mimi sitakutana nao. Mnapoulizwa maoni ya "jamii ya wakimbizi" juu ya maendeleo ya mpakani, na najua mnaulizwa, pelekeni hili. Msilitafsiri likawa laini. Na ule ukuta wa jengo la mikutano unaweza kuanza kesho, rangi ya kahawia imebaki ndoo mbili stoo, nimeiona.

Wenzangu, kuna kazi ambayo haimngoji mkandarasi. Mimi na mzee wa Mishamo tumeanza kuandika majina ya watu waliosukuma rafarafa na waliopanda michikichi upande wetu wa Rumonge, kabla ya 1972 na baada yake, daftari moja, wa kwake na wa kwangu wamechanganyika. Yeye anataja, mimi naandika, kisha nami nataja wa wakati wa baba. Kuna majina mawili tuliyobishana nayo siku nzima, kama mtu yule alikuwa wa kabla au wa baada, mpaka tukagundua alikuwepo nyakati zote mbili, alibaki, akamfanyia kazi wa kwanza na akamfanyia wa pili. Mpaka Jumapili iliyopita tulikuwa na majina 61. Macho ya mzee hayaoni tena jioni, kwa hiyo tunakaa asubuhi, baada ya foleni ya maji, nje kwake. Wenye majina wayalete. Wenye kukumbuka kipimo cha mhimili wa rafarafa ya zamani, unene na urefu, nao waje, maana hapo mimi na yeye hatuelewani kabisa.